Ukungu wa Ghalani na Kifua Kilichodhoofika

Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipatwa na msiba ambao haukuletwa na njaa wala kipindupindu. Watu 68 waliugua, na 20 kati yao wakafariki dunia, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu, yaani sumu itengenezwayo na kuvu ziotazo juu ya nafaka. Tangu hapo neno sumukuvu limezoeleka katika mazungumzo ya wakulima wa nyanda za kati. Maofisa ugani hulifundisha, redio hulitaja, na akina mama huchambua punje kabla ya kupeleka mahindi mashineni. Hilo ni jema. Hata hivyo, somo lililopatikana kwa gharama ya maisha ya watu 20 ni nusu tu ya somo zima. Kuvu ina milango miwili ya kumwingilia binadamu. Mlango wa kwanza ni kinywa, nao umeanza kulindwa. Mlango wa pili ni pua, nao umeachwa wazi, hasa kwa watu ambao kinga ya miili yao imepungua na kwa wale ambao mapafu yao yamekwisha kujeruhiwa na kifua kikuu.

Hoja ya makala haya ni moja. Mtu aliyemaliza dawa za kifua kikuu, kisha akaendelea kukohoa na kukonda, asirudishwe katika dawa zile zile kwa kukisia tu. Yafaa achunguzwe pia kama kifua chake kimeingiwa na kuvu. Na ili jambo hilo liwezekane, elimu ya kuvu haina budi kutoka katika kurasa za mwisho za vitabu vya biolojia na kuingia katika zahanati, ghala na darasa.

Hewa ya Mtera

Mtera ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Hapo maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo hukutana katika bwawa kubwa lililojengwa kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu. Na mwaka 1988 Mtera penyewe pakaanza kutoa umeme kwa mitambo ya megawati 80. Nchi inayolizunguka bwawa ni kame. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Desemba na kukoma Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya jua, upepo na vumbi. Watu wake hulima mtama, uwele, mahindi na karanga, hufuga ng'ombe na mbuzi, na huvua samaki. Barabara ya kutoka Iringa kwenda Dodoma hupita juu ya ukuta wa bwawa, na pamoja nayo hupita wachuuzi, madereva na wasafiri wa kila namna.

Majira ya kiangazi ndiyo majira ya kupura na kupepeta. Ndiyo pia majira ya kufagia vihenge na kutoa mabaki ya mavuno ya zamani. Katika vumbi linaloruka wakati huo mna vijimbegu vya kuvu, ambavyo wataalamu huviita spora. Wazee wa Kigogo waliohifadhi nafaka ndani ya tembe, karibu na moshi wa meko, hawakuwa na hadubini. Lakini walifahamu kwamba nafaka kavu haioti ukungu na kwamba moshi huwafukuza wadudu wanaotoboa punje. Hekima hiyo inathibitishwa na sayansi. Kuvu huhitaji unyevu, na punje iliyotobolewa ni nyumba isiyo na mlango.

Jambo la pili la kuzingatia ni afya ya watu wenyewe. Mtera imo mpakani mwa Dodoma na Iringa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa watu wazima 11 hivi katika kila 100 walikuwa wakiishi na Virusi vya Ukimwi, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu 5. Tanzania pia imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mahali penye vumbi la nafaka na penye watu wengi ambao vifua vyao vimepungukiwa na ulinzi, kuvu haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo dogo.

Jinsi mwili unavyojilinda

Kuvu inayohusika zaidi na magonjwa ya mapafu huitwa Aspergillus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, padri na mtaalamu wa mimea wa Florence, aliyeona kwamba kichwa cha kuvu hiyo kinafanana na kifaa cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Kichwa hicho hubeba vijimbegu vingi, navyo ni vidogo mno: vijimbegu zaidi ya 300 vikipangwa mstari mmoja ndipo hutimia milimita moja. Kwa udogo huo huelea hewani kwa muda mrefu, na vikivutwa puani hufika hadi katika vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo hewa hukutana na damu.

Kila mtu huvuta mamia ya vijimbegu hivyo kila siku, mzima kwa mgonjwa. Mbona basi watu wote hawaugui? Jibu ni kwamba mapafu yana walinzi wake. Ute wa njia ya hewa hunasa sehemu ya vijimbegu, na vinyweleo vidogo huusukuma ute huo kuelekea kooni. Vijimbegu vinavyoponyoka humezwa na chembe kubwa za ulinzi zilizomo ndani ya vifuko vya hewa. Kijimbegu kikifaulu kuchipua na kuwa uzi, chembe nyeupe za damu hukimbilia hapo na kuuharibu. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana bila mtu kuhisi lolote.

Mambo hubadilika mlinzi mmoja anapokosekana, au vumbi linapozidi kiasi. Mwaka 1890 waganga wa Paris walieleza ugonjwa wa mapafu wa watu waliokuwa na kazi ya kulisha njiwa. Watu hao walitia nafaka vinywani mwao, kisha wakaipuliza katika midomo ya ndege, mamia kwa mamia kila siku. Baadhi yao walikohoa damu na kudhoofu kama wenye kifua kikuu, lakini makohozi yao yalikuwa na Aspergillus. Tangu wakati ule, basi, sayansi imekuwa ikijua mambo mawili: kwamba nafaka yaweza kuwa chimbuko la ugonjwa wa mapafu, na kwamba ugonjwa huo hufanana mno na kifua kikuu.

Ni nani walio hatarini

Walio hatarini si kundi moja, wala kuvu si moja. Kundi la kwanza ni la watu ambao kinga yao imeshushwa na Virusi vya Ukimwi. Mwezi wa Juni 1981 waganga wa Los Angeles walitangaza habari za vijana watano wenye homa ya mapafu iletwayo na kiumbe kiitwacho Pneumocystis. Tangazo hilo ndilo lililoujulisha ulimwengu kwa mara ya kwanza juu ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ukimwi, na ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati huo wengi walidhani Pneumocystis ni mnyama wa chembe moja. Mwaka 1988 uchunguzi wa chembe za urithi ulidhihirisha kwamba ni kuvu. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulioutangaza Ukimwi duniani ulikuwa ni kuvu ya mapafu.

Katika kundi hilo hilo yumo anayeshambuliwa na Cryptococcus, kuvu inayopatikana katika udongo, miti na vinyesi vya njiwa. Huingia kwa pumzi, hukaa mapafuni kimya, na kinga ikishuka sana husafiri hadi kwenye utando wa ubongo na kuua.

Kundi la pili ni la watu ambao kinga yao imeshushwa na ugonjwa mwingine au na tiba yenyewe: wenye saratani ya damu, waliobadilishiwa viungo, na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Mwaka 2021, wakati wa wimbi kubwa la UVIKO-19 nchini India, maelfu ya watu walishikwa na kuvu zilizokula pua, mifupa ya uso na macho. Wengi wao walikuwa na kisukari au walikuwa wamepewa steroidi. Nayo Sudan, nchi yenye ukame na vumbi kama nyanda za kati, imejulikana kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa kuvu katika mianzi ya pua na mifuko ya hewa ya uso. Na kuvu iongozayo huko ni Aspergillus flavus, ile ile itengenezayo sumukuvu katika mahindi na karanga. Mfano huu watosha kuonyesha kwamba adui wa chungu na adui wa pumzi waweza kuwa mmoja.

Kundi la tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Ni watu waliopona kifua kikuu. Bakteria ya kifua kikuu hula nyama ya pafu na mara nyingi huacha tundu. Dawa huua bakteria, lakini haziwezi kulijaza tundu hilo. Humo hamna damu ya kutosha, hamna ute unaotiririka, na walinzi hawafiki kwa urahisi. Kijimbegu kikitua humo hupata makao. Huchipua, huota nyuzi, na pengine nyuzi hizo hujisokota kuwa tonge linalocheza ndani ya tundu. Mgonjwa hukohoa kwa miezi na miaka, hukonda, huchoka, na mara nyingine hutapika damu hadi kufa.

Kikohozi kinachopewa jina lisilo lake

Ukubwa wa tatizo hili umepimwa. Katika taarifa za mwaka 1968 na 1970, waganga wa Uingereza waliwafuatilia watu 544 waliobakiwa na matundu mapafuni baada ya kifua kikuu. Mwanzoni watu 11 katika kila 100 walikuwa na tonge la kuvu. Miaka michache baadaye walifika 17. Karibu zaidi na hapa, katika mji wa Gulu nchini Uganda, watafiti waliwachunguza watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2019. Karibu watu 5 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa Aspergillus. Miongoni mwa wale ambao picha ya eksirei ilionyesha tundu, idadi ilikuwa 26 katika kila 100; miongoni mwa wasio na tundu haikufika hata mmoja. Tundu ndilo linaloamua.

Sasa na afikiriwe mvuvi au mkulima mmoja wa Mtera aliyemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi sita na kuzimaliza. Baada ya mwaka anaanza tena kukohoa. Makohozi yanapimwa na bakteria haionekani. Pengine kipimo cha chembe za urithi kinaonyesha alama hafifu, lakini kipimo hicho chaweza kugundua hata mabaki ya bakteria waliokwisha kufa. Picha ya eksirei, akiipata, inaonyesha tundu. Mganga, ambaye amefundishwa kifua kikuu na hakufundishwa kuvu, anaandika kwamba ugonjwa umerudi. Mgonjwa anaanzishiwa dawa upya. Miezi sita inapita, kikohozi kipo pale pale. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba alikuwa hamezi dawa zake, au kwamba amerogwa. Mtu huyo hakukosa utii wala hakurogwa. Alipewa dawa ya bakteria ilhali adui wake alikuwa kuvu.

Kosa hilo lina madhara zaidi ya kupoteza muda. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huchochea ini kuvunja haraka dawa ya itrakonazoli itumiwayo dhidi ya kuvu. Kwa hiyo mtu anayepewa dawa za kifua kikuu pasipo haja hujiwekea kizuizi hata katika tiba ambayo ingemfaa.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye malaria, Ukimwi na kifua kikuu haina nafasi ya kushughulikia kuvu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachukulia kuvu kama ugonjwa wa nne unaogombea fedha na hayo matatu. Ukweli ni kwamba kuvu huwaua watu wale wale ambao fedha nyingi zimekwisha kutumiwa kuwaokoa na Ukimwi na kifua kikuu. Kumtibu mtu kifua kikuu kwa miezi sita, kisha kumwacha afe kwa kuvu iliyoota ndani ya kovu, ni sawa na kujenga nyumba na kuiacha bila paa.

Wengine watasema kwamba vipimo ni vya hali ya juu na havifai kwa zahanati za vijijini. Ushahidi wa Tanzania yenyewe unapinga. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Lusaka, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, uliwashirikisha watu wapatao 2,000 wenye Virusi vya Ukimwi ambao kinga yao ilikuwa imeshuka sana. Nusu yao walipimwa damu ili kutafuta Cryptococcus, kwa kipimo cha kijiti kisichohitaji maabara kubwa, na kutembelewa nyumbani na wahudumu waliofunzwa kwa muda mfupi. Katika kundi hilo walikufa 13 katika kila 100. Katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikufa 18. Kijiti na mhudumu wa kijijini viliokoa maisha. Kwa Aspergillus nako kuna vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili, na itrakonazoli iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2022 shirika hilo hilo lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari kwa binadamu. Kati ya aina 19 zilizotajwa, Aspergillus fumigatus na Cryptococcus neoformans ziliwekwa katika daraja la juu kabisa.

Wapo pia watakaohofia kwamba mafundisho haya yatawatia watu woga wa nafaka zao. Hofu hiyo iondolewe kwa kusema kweli. Mtu mwenye afya anaweza kupepeta mtama maisha yake yote asidhurike. Wala ugonjwa wa Aspergillus hauambukizwi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Hakuna sababu ya kumtenga anayekohoa kwa ajili yake, na jambo hili lapaswa kusemwa waziwazi vijijini.

Yanayopaswa kufanywa

Katika zahanati na vituo vya afya, kila mtu anayemaliza dawa za kifua kikuu aambiwe kwamba kikohozi kikirudi arudi mapema. Anayerudi bila bakteria katika makohozi, hasa akiwa na tundu mapafuni, apelekewe damu yake kupimwa kuvu. Mji wa Dodoma uko umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Mtera, nao una hospitali ya rufaa ya mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Damu iliyotiwa katika kichupa husafiri kwa urahisi zaidi kuliko mgonjwa anayekohoa. Wanaoishi na Virusi vya Ukimwi waendelee kuhimizwa kumeza dawa zao bila kukatiza, kwani hakuna kinga dhidi ya kuvu iliyo bora kuliko kinga ya mwili wenyewe. Na dawa ya kotrimoksazoli, ambayo wengi wao hupewa, huwazuilia Pneumocystis.

Ghalani, nafaka ikaushwe hadi unyevu wake usizidi asilimia 13, iwekwe juu ya chanja, wala isimwagwe juu ya udongo mtupu. Kihenge chenye ukungu kisifagiliwe na mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu au mwenye kinga pungufu. Afanye mwingine wa nyumbani, akinyunyiza maji kwanza ili vumbi lisipae. Wakulima wa bustani kandokando ya maji nao wazitumie dawa za kuvu za mimea kwa kiasi kilichoelekezwa tu. Nyingi kati ya hizo ni ndugu wa itrakonazoli, na mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba wamekuta katika udongo wa Tanzania Aspergillus fumigatus zisizosikia dawa za jamii hiyo. Dawa inayomwagwa ovyo shambani huweza kuinyima hospitali silaha yake.

Shuleni, walimu wa biolojia wana nafasi ambayo wengine hawana. Vipande viwili vya mkate, kimoja kikavu na kimoja chenye unyevu, vikitiwa kila kimoja katika mfuko wa nailoni unaopenya mwanga na kufungwa barabara, vitawaonyesha wanafunzi kwa siku chache kazi ya unyevu. Mifuko hiyo isifunguliwe kamwe, na mwisho izikwe. Wanafunzi wa kilimo waweza kupima ukavu wa nafaka kwa chupa kavu na chumvi kavu: chupa ikitikiswa pamoja na punje, kisha ikatulia kwa dakika 10, chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, nafaka ingali na unyevu mwingi. Jaribio hilo halihitaji umeme wala fedha, na mwanafunzi anaweza kulirudia nyumbani mbele ya wazazi wake.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifua kikuu huacha ufa katika pafu, na kuvu huingia kwa njia ya ufa huo. Nyanda za kati zilijifunza mwaka 2016, kwa vifo vya watu 20, kuichambua nafaka kabla ya kuila. Haifai zingoje vifo vingine vihesabiwe ndipo zijifunze kuuliza, kila mgonjwa wa kifua anaporudi, ni nini hasa kinachomkohoza.